Kasiani wa Chaneli ya Pili

Simsifu Kasiani, na mtu asinilazimishe. Alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu hapa Uluguru zimetaniana tangu bibi zetu hawajazaliwa, yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu, na dini haikupunguza hata tusi moja. Kwa hiyo nikikwambia alikuwa na masikio mapana kama nyungo na miguu iliyopinda, usinione sina adabu. Angekuwa hai angekutajia ya kwangu, na wewe ungecheka zaidi.

Kwa asiyejua, mtani kwetu si mtu wa kuchekeana naye tu. Msiba ukitokea yeye ndiye anayeshika jembe, yeye ndiye anayesimamia sufuria, na yeye peke yake ana ruhusa ya kumsema marehemu ovyo mbele ya ndugu zake mpaka wacheke na kamasi zinawatoka. Anaweza kushuka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Pasipokuwa na mtani, mazishi yanakwenda haraka haraka, watu wanatazamana, kama vile aliyekufa amefia ugenini.

Mimi na Kasiani tuliahidiana tangu ujana. Atakayetangulia, mwenzake atalala kaburini mwake. Yeye alisema akinizika mimi atadai majogoo mawili, maana mimi mzito na kunishusha ni kazi. Mimi nikasema kwake nitalala hapo mpaka kesho yake, wakazike mtu mwingine.

Alikuwa fundi mitambo kwenye kituo kimoja cha televisheni pale Morogoro mjini. Jina la kituo silitaji, meneja wake ana mdomo na mimi sina wakili. Nyumba yake ilikuwa Bigwa, yeye na mkewe Yuliana, na nyuma ya nyumba matuta ya mchicha na figiri yanayopanda hadi mlima unapoanza. Miaka ishirini na miwili aliamka, akamwagilia, akaoga, akapanda baiskeli kwenda kukaa kwenye chumba cha mitambo kisicho na dirisha. Hakuwahi kuonekana kwenye skrini hata siku moja. Ila sauti yake iliingia nyumba nyingi kuliko sauti ya padre.

Maana kituo kile kilikuwa na chaneli mbili. Ya kwanza ndiyo ya maringo, muziki, tamthilia, mpira, mabinti wanaosoma habari na nyusi zimechorwa. Ya pili ilikuwa ya watu wa milimani. Asubuhi wanakuambia kabichi na karoti zimeamkia bei gani sokoni, Jumapili misa, Ijumaa mawaidha, na kila siku saa saba mchana na saa mbili usiku, matangazo ya vifo. Picha hamna. Ni maandishi meupe kwenye rangi ya bluu, na sauti ya Kasiani ikisoma polepole, jina la marehemu, jina la ndugu anayetangaziwa, mahali, na saa ya mazishi.

Mimi nakaa juu ya Mkuyuni. Bodaboda inakufikisha mahali barabara inapokata tamaa, halafu unapanda kwa mguu saa nzima. Simu kwetu ni tochi. Ukitaka mtandao inabidi ukwee jiwe moja refu, na siku ya mvua nani atakwea jiwe? Lakini kuna pengo kati ya milima miwili, na pengo hilo linatazamana moja kwa moja na mnara wa televisheni. Aliyeligundua ni Kasiani. Alikuja na antena begani, akaifunga juu ya mwanzi mrefu, akauzungusha huku na huku, akaniambia nipige kelele nikiona picha. Nilikuwa nimenunua televisheni ndogo ya sola baada ya msimu mzuri wa karoti, na king'amuzi alichonichagulia yeye. Nikapiga kelele. Akashuka kwenye jiwe alilosimamia akiniambia kwamba sasa hata nyani wa Uluguru watajifunza ustaarabu, kuanzia na mimi.

Jioni ile ndiyo aliniahidi. Tulikuwa tunakula mihogo. Mke wangu alikuwa hai bado, na kila mtu kijijini alikuwa anakumbuka jinsi mama mmoja wa ng'ambo ya kijito alivyopata habari za kifo cha mwanawe siku nne baadaye. Kasiani akaacha kutania, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu.

"Kibwana," akasema, "mradi mimi niko kwenye kile chumba, msiba wako hautakupita. Saa saba na saa mbili, washa."

Nikamwamini. Sote tulimwamini. Saa saba ikifika watu waliacha majembe wakaja kukaa barazani kwangu kusikiliza nani kafa, na ukisikia hakuna wako, unarudi shambani mwepesi kidogo. Ndivyo tulivyoishi miaka mingi. Tukamzika shangazi yangu hivyo, tukawahi. Tukamzika katekista, tukawahi.

Kazi yenyewe aliifanya kwa heshima, hilo siwezi kumnyima. Majina ya Kiluguru hakuyavunja. Akiwa hajui jina linatamkwaje alimpigia mwenye tangazo amuulize. Kwa marehemu Waislamu alitaka aseme innalillahi kama inavyotakiwa, na aliyemfundisha ni mdogo wangu Sufiani. Sufiani alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko barabara ile ile ya kituo, anashona kanzu na sare za shule. Kasiani alikuwa anapita pale kila mchana kunywa chai, Sufiani anamkosoa matamshi mdomoni kumejaa pini. Wakawa marafiki kuliko mimi na yeye, na mimi nikawa naona wivu kidogo, basi nawatukana wote wawili.

Sasa nieleze habari ya HD, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi sikusoma umeme, lakini Kasiani alinieleza kwa mfereji wetu wa bustani na nikaelewa. Maji yanayoshuka mlimani ni yale yale. Juu kuna bustani ya kabichi, chini kuna bustani yako. Wa juu akifungulia sana, wewe wa chini unapata matone. Kituo nacho kilikodi fungu lake la mawimbi kwa wenye mnara, fungu moja halikui, na ndani ya fungu hilo chaneli zote mbili zinanywa. Zamani ziligawana vizuri. Halafu wenye matangazo ya biashara wakataka picha ya HD, ile ambayo unahesabu vinyweleo vya mchezaji, na HD inakunywa maji mengi. Chaneli ya kwanza ikafunguliwa mfereji. Ya pili ikabanwa. Misa ikaanza kukatika vipande vipande, padre ana uso wa matofali, mawaidha yanaruka, mboga hazionekani kama ni bamia au ni vidole vya mtu.

Kasiani alipigania alichoweza. Alimwambia meneja kwamba matangazo ya vifo ni maandishi na sauti tu, hayana mbio, yanahitaji kikombe kimoja. Yapewe kikombe kimoja, yeye aendelee na HD yake. Meneja akakubali. Na mgawaji alikuwa Kasiani mwenyewe, amekaa mbele ya mtambo, anabonyeza, huyu apate hiki, yule apate kile. Nimeshasema hilo na nitalirudia, kwamba kidole kilikuwa chake.

Mwaka juzi, Jumamosi ya fainali. Kituo kilipata kibali cha kuonyesha mechi, mdhamini akafunga skrini kubwa kama ukuta wa godauni pale mjini, na meneja akaamua picha isitetemeke hata mara moja. Akatoa amri kwamba kuanzia saa sita mchana mpaka mechi iishe, chaneli ya pili izimwe, fungu lote liende HD. Kasiani akaomba dakika tano za saa saba. Meneja akamuuliza siku ya fainali nani atakaa kuangalia vifo. Kasiani alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Akazima.

Hapo bado ningeweza kumwelewa. Mtu ana bosi. Lakini kuna kosa lake mwenyewe, na hilo ndilo lililonichoma. Mwenzake wa zamu, mama mmoja anaitwa Irene, alimletea makaratasi ya matangazo ya siku ile, manne. Kasiani hakuyafungua. Kichwani mwake, kichwa cha Mkatoliki, mtu akifa leo anazikwa kesho au keshokutwa, jeneza linatengenezwa, padre anatafutwa, ndugu wa Dar wanangojwa. Akamwambia Irene ayaweke, yatasomwa yote saa mbili usiku, hakuna litakaloharibika. Zaidi ya miaka ishirini anasoma mazishi ya Waislamu, anajua kabisa kwamba sisi maiti hatumlazi, na siku ile akasahau. Akasahau kwa sababu hakutazama. Wallahi ningemsamehe ulevi kuliko hilo.

Mimi saa saba niliwasha. Watu watano walikuwa barazani. Skrini nyeusi. Tukagonga king'amuzi, nikatikisa mwanzi wa antena, nikaona chaneli ya kwanza inang'aa kama kioo, mashabiki wamejipaka rangi, wanapuliza matarumbeta. Tukasema labda mitambo imeharibika. Tukarudi shambani. Nilimaliza matuta matatu ya karoti alasiri ile, na nilikuwa naimba, nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa naimba.

Saa mbili usiku chaneli ya pili ikarudi. Rangi ya bluu, maandishi meupe, sauti yake. Akasoma la kwanza, mama wa Mikese, mazishi kesho. Akaanza la pili.

"Anatangaziwa Bwana Kibwana wa juu ya Mkuyuni, kifo cha mdogo wake Sufiani, kilichotokea leo alfajiri nyumbani kwake. Mazishi ni leo, baada ya swala ya—"

Sauti ikakatika. Maandishi yakabaki pale, hayakuondoka. Nikayasoma mwenyewe mpaka mwisho. Baadaye kidogo ikaja sauti ya mwanamke, Irene, ikaendelea na tangazo la tatu.

Kwa hiyo mimi niliambiwa mdogo wangu amekufa na mdogo wangu ameshazikwa kwa pumzi moja. Nilipofika mjini asubuhi waliniambia walivyonisubiri. Simu yangu walipiga, haikupatikana, wakasema hapana shida, tangazo limepelekwa tangu saa nne, Kibwana ataona saa saba, ataingia alasiri. Walimswalia, wakakaa naye makaburini, kila pikipiki ikisikika wanageuza shingo. Jua lilipoanza kushuka imamu akasema haifai tena. Mwanawe wa kiume alishuka kaburini mahali pangu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, nikivuka naye kijito masika, na sikumwona uso.

Nilikaa matanga siku tatu. Kasiani hakuja. Yuliana alikuja, akapika na wanawake, akalia na wanawake. Kasiani alikaa Bigwa amejifungia, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, hali, hasemi.

Wiki iliyofuata akapanda kwangu. Nilimwona kutoka mbali anakuja na miguu yake ile, jogoo mweupe kwapani. Nikajua ameleta faini ya utani. Mtani akikosea anakuja na jogoo, wewe unamtukana tusi la kumvua nguo, unamchinja jogoo, mnakula, mnalia, yanaisha. Ndiyo njia yetu, na hatuna nyingine. Na mimi nilikuwa na matusi, jamani, nilikuwa nimeyapanga toka makaburini, mengine hata sijawahi kuyasikia.

Alipofika uani nikasimama, nikafuta mikono, nikamwinamia.

"Shikamoo, Bwana Kasiani," nikasema.

Amenizidi miaka miwili tu. Miaka arobaini tuliyojuana sijawahi kumpa shikamoo, wala yeye hajawahi kuitaka, tulikuwa tukionana tunaanza na wazazi wetu. Alisimama na jogoo wake. Akaitikia marahaba, kwa sauti ndogo. Nikamletea kigoda, nikakifuta vumbi. Nikamuuliza za Bigwa, za mama Yuliana, za bustani. Nikamwita bwana kila neno.

"Nitukane, Kibwana," akaniambia.

"Karibu chai," nikamjibu.

Akanywa chai. Akajaribu kusema habari ya amri ya meneja, akaiacha katikati, akasema hapana, kosa ni lake, hakufungua karatasi. Nikamwambia ni mipango ya Mungu, asijisumbue. Alipoondoka nilimrudishia jogoo wake, nikamshukuru sana kwa kunikumbuka. Akashuka naye mlima. Na mimi nilijisikia vizuri, ndiyo, nisikudanganye, nilijisikia vizuri usiku ule na siku kadhaa.

Televisheni nikaifunika kanga ya marehemu mke wangu. Wa barazani wakahamia ng'ambo ya kijito kwa jirani mwenye seti yake.

Mwaka jana mwezi wa nane wenye mnara wakabadilisha masafa. Kila king'amuzi ilibidi kitafutiwe chaneli upya, la sivyo kinabaki kipofu. Mjini watu walijifanyia wenyewe. Milimani wazee wangapi wanajua kubonyeza rimoti zaidi ya kuwasha na kuzima? Kasiani akaomba likizo. Akapanda Uluguru nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, tayari tumbo limeanza kumsumbua, ameshika kiuno kama mwanamke mjamzito. Ng'ambo ya kijito alimaliza nyumba zote zenye televisheni. Halafu akaja kwangu.

Alisimama mlangoni, akaiona ile kanga. Akasema ni dakika tatu tu, hataniongelesha. Akasema chaneli ya pili sasa ina kikombe chake, amempelekea meneja barua na wazee wa milimani wameweka vidole gumba, hakuna atakayeizima tena kwa ajili ya mpira. Nikamwambia ahsante sana, Bwana Kasiani, umefanya kazi kubwa, ila yangu nitaitafutia mwenyewe.

"Utafanya kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia nitafanya. Sikufanya. Wala sikuwa na nia.

Desemba alistaafu. Nilisikia amelala, tumbo limejaa maji. Nikasema nitakwenda kumwona baada ya palizi. Palizi ikaisha, nikasema baada ya kupeleka karoti Mkuyuni. Nilikwenda Mkuyuni mara nne. Kutoka Mkuyuni hadi Bigwa siyo safari ya kumshinda mtu.

Machi hii, siku ya Alhamisi, nilikuwa napandikiza kabichi. Jioni kundi la watu likawa linapanda kutoka barabarani, wa ng'ambo ya kijito wote, wanaume kwa wanawake, nguo za msibani, udongo mwekundu magotini. Waliponiona na jembe wakasimama. Wakatazamana. Mmoja akasema, kumbe hukwenda? Wao waliona tangazo toka Jumatano mchana. Walidhani nimeshatangulia, maana mimi ndiye mtani, nani angenifuata kuniambia habari ya msiba wangu mwenyewe. Kule Bigwa hawakuniona, wakafikiri nimeugua njiani, labda nimeanguka.

Niliingia ndani nikavuta kanga. Nikawasha king'amuzi, ikaja ile skrini ya kusema hakuna mawimbi. Nikaitafuta sehemu ya kutafutia chaneli, nikabonyeza. Namba zikapanda zenyewe. Dakika tatu, kama alivyosema, hazikufika hata nne. Chaneli ya pili ikaja safi kabisa, bluu yake, maandishi yake, wala haikatiki. Saa mbili ilipofika Irene akasoma shukrani za familia ya marehemu Kasiani kwa wote waliofika.

Ijumaa baada ya swala nilikwenda Bigwa. Yuliana alikuwa amekaa kwenye mkeka, upande wa nyuma, karibu na matuta ya mchicha. Kaburi lilikuwa pale pale mwisho wa matuta, msalaba mbichi bado unanuka maranda. Nikampa pole. Akaniinamisha karibu naye, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akawa ananieleza bila mimi kuuliza.

Kasiani aliandika tangazo lake mwenyewe, wiki mbili kabla. Alimpa Irene kwa mkono. Irene alilisoma Jumatano saa saba, na saa mbili usiku, na Alhamisi asubuhi akalisoma tena, ingawa muda wa asubuhi ni wa bei za mboga. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mtani wake Kibwana wa juu ya Mkuyuni anangojwa, na kabla hajalala kaburini mwili usishushwe. Kwa hiyo hawakuushusha. Misa iliisha saa saba. Walikaa na jeneza kando ya shimo. Kila pikipiki iliyosikika barabarani waligeuza shingo. Padre alikuwa na mazishi mengine, akaondoka, akamwacha katekista. Mvua ikaanza. Hakuna aliyecheka. Vijana wa ukoo mwingine walitaka kunishikia nafasi, Yuliana akakataa, akasema yupo njiani. Saa tisa udongo ukaanza kuporomoka ndani, ndipo wakashusha.

"Alikuwa ana hakika utakuja," Yuliana akasema. "Alisema ni lazima umtukane, hata kama umechukia. Akasema hapo ndipo utaweza kumsamehe." Halafu akaniangalia. "Hukuona, mtani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimetoka nalo nyumbani, nilikuwa nimelirudia njia nzima nikiteremka. Niseme nilikataa dakika tatu. Niseme nilifunika seti kwa kanga. Ningelisema, angenipiga kofi, na kofi lile lingekuwa haki yangu na dawa yangu.

"Chaneli haikushika," nikasema.

"Ilikatika tena?"

"Ilikatika."

Akaachia mkono wangu. Akajifunika uso kwa kanga nyeusi akalia upya, siyo kilio cha mchana wa mazishi, kilio cha mtu aliyechoka kabisa. Akasema basi hata siku yake mwenyewe imemwangusha. Miaka yote ile, barua zile, kupanda milima na tumbo lake, na mwisho wake wamemzimia. Mchichani kulikuwa na kuku wanachakura, na mmoja wao alikuwa jogoo mweupe.

Halafu Yuliana akajifuta, akakaa vizuri, akakunja mikono kifuani kama mtu anayeomba komunyo.

"Mara mbili tumekukosea, mtani," akasema. "Mdogo wako, na sasa yeye. Mimi ndiye niliyebaki, basi nakuomba mimi. Tusamehe."

Nikamwambia nimesamehe.